Bunduki na Kamera katika Bonde la Rufiji: Maisha ya Hans Paasche (1881–1920)

1.0 Utangulizi

Kitenzi piga ni miongoni mwa vitenzi vya Kiswahili vyenye matumizi mapana mno. Ngoma hupigwa, pasi hupigwa, hodi hupigwa, kura hupigwa. Bunduki hupigwa, na picha nayo hupigwa. Mzungumzaji wa kawaida haoni ajabu yoyote katika hali hii, kwa kuwa kila nomino inayofuatana na kitenzi hicho ndiyo inayokipa maana yake. Hata hivyo, wako watu katika historia ya Afrika Mashariki ambao maisha yao yaliziweka maana hizi mbili za mwisho katika mashindano ya kweli. Mmoja wao ni Hans Paasche, afisa wa majini wa Kijerumani aliyefika Rufiji mwaka 1905 akiwa na bunduki, akawa pia mmoja wa watu wa mwanzo kuwapiga picha wanyama wa bonde hilo wakiwa hai porini.

Makala hii inakusudia kueleza maisha ya mtu huyo kwa kuizingatia zaidi kazi yake ya kamera, mazingira yaliyoizaa kazi hiyo, na mabadiliko ya fikra yaliyofuatana nayo. Katika Ujerumani, Paasche hukumbukwa kwa kupinga vita na kwa namna alivyouawa. Katika Rufiji kwenyewe na Kibiti, mahali ambapo safari yake ya kifikra ilianzia, jina lake halisikiki sana. Upungufu huo si wa kushangaza, maana wenyeji wa bonde hilo wana sababu nzuri ya kuwakumbuka kwanza watu wao waliokufa mwaka ule. Lakini historia ya picha katika nchi hii haiwezi kukamilika bila kuulizwa ni nani aliyeshika kamera, aliishika kwa idhini ya nani, na ni nini kilichobaki nje ya picha.

2.0 Ukoo na Ujana

Hans Paasche alizaliwa Rostock, kaskazini mwa Ujerumani, tarehe 3 Aprili 1881. Baba yake, Hermann Paasche, alikuwa profesa wa uchumi na mwanasiasa mashuhuri ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa bunge la Ujerumani. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ya watawala, si ya watawaliwa, na njia aliyoandaliwa ilikuwa ile iliyowafaa vijana wa tabaka lake: utumishi wa dola. Mwaka 1899 alijiunga na jeshi la wanamaji. Wakati huo Ujerumani ilikuwa ikijenga manowari kwa kasi ili ishindane na Uingereza baharini, na kijana wa umri wake aliweza kuona makoloni kuwa uwanja wa kujipatia sifa.

Utumishi huo ndio uliomleta katika pwani ya Afrika Mashariki, katika manowari ndogo iliyoitwa Bussard. Tofauti na maafisa wengi waliotosheka na maneno machache ya kuamrisha, Paasche alijifunza Kiswahili na kukitumia. Jambo hili lina uzito katika maisha yake. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya bomani, ya shule za serikali na ya maakida. Yaani lugha hiyo ilikuwa chombo cha kutawalia. Lakini lugha ina tabia ya kutotii mipaka iliyowekewa. Anayejifunza lugha ili aamrishe hujikuta pia anasikia, na anayesikia hawezi tena kudai kwamba hakujua.

3.0 Rufiji ya Mwaka 1905

Ili kuifahamu kazi ya Paasche, hapana budi kuifahamu kwanza nchi aliyotumwa. Mto Rufiji unaposhuka tambarare hujaa na kufurika katika majira yake, kisha maji yanapopungua huacha tope lenye rutuba. Warufiji walikuwa na utaratibu wa kilimo uliofuata mwendo huo wa maji: mpunga wa masika, kisha mazao ya mlau yaliyopandwa katika ardhi iliyoachwa na mafuriko. Mashambani wakulima walijenga madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ambamo familia ziliishi kwa miezi kadhaa zikilinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Upande wa baharini, katika delta ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, watu walikata mikoko, na boriti zake zikasafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba.

Utaratibu huo ulivurugwa na serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen. Tangu mwaka 1902 wanavijiji katika maeneo ya kusini mwa Dar es Salaam walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Kodi ya nyumba ilidaiwa juu ya hayo, na viboko vya ngozi vilitumika kwa wasiotimiza kazi. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji ambayo watu waliamini yangewakinga na risasi, na habari zake zilivutia watu kutoka mbali. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa katika vilima vya Umatumbi, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro, katika Rufiji, tarehe 4 Agosti 1905. Lakini kamba iliyomuua mganga haikuviua vita. Vilienea hadi Liwale, Mahenge, Ungoni na kwingineko.

Serikali haikuwa na askari wa kutosha, hivyo mabaharia wa Bussard waliteremshwa nchi kavu. Paasche, aliyekuwa na umri wa miaka 24, alikabidhiwa kikosi cha kwenda Rufiji. Alipigana huko, na watu wengi wa bonde hilo walikufa mbele ya bunduki za kikosi chake. Si haki kulipunguza jambo hili kwa sababu ya yale aliyoyafanya baadaye. Alikuwa afisa wa jeshi la uvamizi, alitekeleza amri, na alipewa nishani ya kijeshi kwa ajili ya utekelezaji huo.

Hata hivyo, ndani ya vita hivyo ndimo mashaka yake yalimoanzia. Aliona kwamba watu aliotumwa kuwatisha walikuwa wakulima waliotaka kurudi mashambani mwao, akaanza kutafuta suluhu na wenyeji. Mwenendo huo haukuwafurahisha wakubwa wake, naye akarudishwa Dar es Salaam. Njia waliyoichagua wakubwa hao inafahamika. Majeshi ya serikali yalichoma vijiji, maghala na mashamba, na njaa ikamaliza kazi iliyoanzwa na risasi. Serikali ya Kijerumani yenyewe ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa eneo hilo katika miaka ya 1960, alifikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000.

4.0 Kazi ya Kamera

Paasche hakuwa mpiga picha wa kwanza katika pwani hii. Biashara ya picha ilikuwa imekwisha kujikita mijini. Unguja palikuwa na studio ya Gomes, Mgoa ambaye jina lake liligongwa katika picha nyingi za enzi ya masultani. Dar es Salaam palikuwa na Vincenti, na baadaye Walther Dobbertin, ambaye picha zake za askari wa vita vya 1914 zimehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Watu hawa waliishi kwa kuuza. Waliwapiga wateja picha mbele ya pazia lililochorwa, wakachapisha kadi za posta za bandari, minazi na watu, na kadi hizo zikanunuliwa na wasafiri waliotaka kuwaonyesha jamaa zao kwamba wamefika. Soko liliamua nini kipigwe. Mtu aliyepigwa kwa ajili ya kadi ya posta aghalabu hakuandikwa jina. Chini yake paliandikwa kabila, au kazi, au mahali.

Kuchukua kamera kutoka mjini hadi mtoni kulikuwa kazi ya namna nyingine. Mabamba ya kioo, ambayo ndiyo yaliyotumika zaidi kwa kazi ya makini katika miaka hiyo, yalikuwa mazito na mepesi kuvunjika, na yalibebwa vichwani mwa wapagazi katika masanduku pamoja na chupa za dawa. Kamera ilihitaji kusimamishwa juu ya miguu mitatu na kulengwa bila haraka, ilhali mnyama haingoji. Usiku, baada ya mwendo wa mchana kutwa, mpiga picha alifunga hema lisipenye nuru, akaanza kusafisha picha zake kwa mwanga wa taa nyekundu. Joto la nchi za tropiki huilainisha jelatini iliyopakwa juu ya kioo, hata huweza kuibandua. Kwa hiyo wapiga picha walingoja saa za baridi kabla ya alfajiri, au walitumia shabu kuikaza. Maji ya mto yalikuwa na tope, na tope huacha madoa. Bamba lililokwisha kusafishwa lilipaswa kukauka bila kuguswa na wadudu, kisha likafungwa kabla unyevu haujaliotesha ukungu. Picha moja nzuri ilikuwa matokeo ya kazi ya watu wengi, na wengi wao hawakuonekana ndani yake: wapagazi, wapishi, wapiga makasia, na wenyeji waliojua mahali wanyama wanaponywea maji.

Picha za wanyama wakiwa hai porini zilikuwa bado jambo jipya. Kabla ya hapo, picha ya kawaida ya mnyama wa Afrika ilikuwa ya mzoga, na mwindaji amesimama juu yake na bunduki mkononi. Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa amestaajabisha Ulaya kwa kitabu cha picha alizopiga katika nchi ya Wamasai, nyingine usiku kwa mwako wa magnesiamu. Paasche alifuata njia hiyo. Mwaka 1907 alichapisha kitabu kiitwacho Im Morgenlicht, yaani katika nuru ya asubuhi, kinachoeleza vita, uwindaji na safari zake katika Afrika Mashariki, kikiwa na picha alizopiga mwenyewe za wanyama, watu na mandhari.

Kitabu hicho kinaonyesha mtu aliye njiani, si mtu aliyefika. Ndani yake bado mna mwindaji na askari. Lakini pana pia mtu anayegundua kwamba kumkaribia tembo kwa kamera hudai zaidi kuliko kumkaribia kwa bunduki. Mwenye bunduki anaweza kusimama mbali, na kazi yake huisha mnyama anapoanguka. Mwenye kamera analazimika kuja karibu, kujua upepo unavuma wapi, kungoja nuru, na mwishowe kumwacha mnyama aende zake. Kwa Paasche, uvumilivu huu ulikuwa shule. Baadaye alikuwa mtetezi wa viumbe, akapinga hasa mauaji ya ndege waliochinjwa kwa maelfu ili manyoya yao yapambe kofia za wanawake wa Ulaya.

Ama kwa upande wa mkulima wa Rufiji, suala halikuwa jepesi hivyo. Kiboko aliyependeza katika bamba la kioo ndiye yule yule aliyeshuka usiku kula mpunga chini ya dungu. Serikali ya kikoloni ilikuwa tayari imetenga hifadhi za wanyama katika bonde la Rufiji tangu mwaka 1896, na sheria zake za uwindaji ziliwabana wenyeji waliozoea kuwinda na kulinda mashamba yao. Baada ya Vita vya Majimaji sehemu za nchi zilizobaki bila watu zilirudiwa na pori, na katika kipindi cha Waingereza hifadhi hiyo ilipanuliwa na kupewa jina la Selous. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Wageni wanaokwenda huko leo hupiga picha za wanyama bila kujua kwamba baadhi ya upweke wanaoustarehea ulitengenezwa na vita, njaa na amri za kuhama. Picha ya pori tupu ni ya kweli kwa kadiri ya kile inachokionyesha. Haielezi pori hilo lilipataje kuwa tupu.

5.0 Safari ya Pili na Barua za Lukanga Mukara

Mwaka 1908 Paasche alimwoa Ellen Witting, binti wa Richard Witting, mwenye benki aliyepata kuwa meya wa Posen. Aliacha utumishi wa majini mwaka uliofuata, na wawili hao wakasafiri Afrika Mashariki hadi ziwa Viktoria na chanzo cha Nile. Safari hii ilikuwa tofauti na ile ya kwanza. Hakuwa tena na kikosi, na alifuatana na mkewe, jambo lisilokuwa la kawaida kwa wasafiri wa Kizungu wa wakati huo.

Matunda makubwa ya safari hiyo hayakuwa picha bali maandishi. Kati ya mwaka 1912 na 1913 Paasche alichapisha mfululizo wa barua katika jarida la Der Vortrupp, alilolianzisha pamoja na mwandishi Hermann Popert. Mwandishi wa barua hizo, kwa mujibu wa hadithi, ni Lukanga Mukara, mtu wa maziwa makuu aliyetumwa na mfalme wake kuichunguza Ujerumani. Jina Mukara lenyewe lina kiambishi cha ngeli ya watu, na linaelekeza kwenye kisiwa cha Ukara katika ziwa Viktoria. Lukanga anawatazama Wajerumani kama vile wapelelezi wa Kizungu walivyowatazama Waafrika. Anashangaa kwa nini wanajibana katika nguo zinazowaumiza, kwa nini wanavuta moshi na kunywa pombe hadi wanaugua, na kwa nini wanakimbilia mahali ambapo hawana shughuli.

Hapa kazi ya kamera na kazi ya kalamu zinakutana. Katika kitabu cha 1907 Mwafrika ndiye aliyetazamwa na Mzungu ndiye aliyetazama. Katika barua za Lukanga nafasi hizo zimebadilishwa. Ni kweli kwamba aliyeshika kalamu bado ni Paasche, na Lukanga anasema yale ambayo muumba wake anataka yasemwe. Msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulitaja hilo. Lakini katika Ujerumani ya wakati ule, ambamo watu kutoka makoloni walionyeshwa katika bustani za wanyama, kumpa Mwafrika wa kubuni mamlaka ya kuhukumu kulikuwa kitendo cha ujasiri.

6.0 Vita, Kifungo na Kifo

Maisha ya binadamu hayaendi kwa mstari ulionyooka. Vita vilipozuka mwaka 1914, Paasche alijitolea kurudi jeshini, akapewa kazi katika mnara wa taa wa Roter Sand, baharini mbele ya mlango wa mto Weser. Wakati huo huo bonde alilolijua lilirudi tena vitani. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mikono ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko. Waingereza waliitafuta kwa miezi, wakatumia ndege kuwaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa. Mizinga yake iliopolewa na kukokotwa nchi kavu na mamia ya watu ili itumike katika vita vilivyoendelea kuwamaliza wapagazi na wakulima.

Paasche hakudumu jeshini. Alikataa kushiriki kama hakimu katika kesi ya kijeshi dhidi ya baharia, na mwaka 1916 akaondolewa katika utumishi. Alirudi Waldfrieden, shamba lake lililokuwa mashariki mwa Ujerumani na ambalo leo liko Poland, akaendelea kusambaza maandishi ya kupinga vita. Mwaka 1917 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini. Mtoto wa mwanasiasa mkubwa hakuweza kuhukumiwa bila aibu, hivyo aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mapinduzi ya Novemba 1918 ndiyo yaliyomtoa. Mabaharia walimwachia huru, naye akawa mjumbe wa kamati ya utendaji ya mabaraza ya wafanyakazi na askari mjini Berlin. Mwezi uliofuata mkewe Ellen alifariki, akimwachia watoto wanne.

Mwaka 1919 alichapisha maandishi mawili yenye uzito wa pekee. La kwanza lilihusu sehemu yake mwenyewe katika hatia ya vita. La pili lilihusu Afrika iliyopotea. Wengi wa Wajerumani wa wakati huo waliomboleza makoloni kama mali waliyonyang'anywa. Paasche aliona kwamba Afrika ilikuwa imepotezwa mapema zaidi, kwa mabavu yaliyotendwa huko. Mtu aliyepata nishani kwa vita vya Rufiji alikuwa sasa akiyatia nyumba yake na jina lake hatarini kwa kukataa kukana alichokiona.

Tarehe 21 Mei 1920 kikosi cha askari kiliizingira Waldfrieden kwa madai kwamba Paasche alificha silaha. Alikuwa ziwani karibu na nyumba, akaitwa, na alipokuwa akirudi bila silaha yoyote akapigwa risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 39. Upekuzi haukuonyesha ghala la silaha lililodaiwa. Hakuna askari aliyeadhibiwa kwa mauaji hayo. Mwaka uliofuata barua za Lukanga Mukara zilitolewa kwa umbo la kitabu, na zimechapishwa tena mara nyingi tangu hapo.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Hans Paasche hayamfanyi shujaa wa Rufiji. Mashujaa wa Rufiji wa mwaka 1905 ni wengine, na fasihi ya Kiswahili imekwisha kuwapa nafasi yao, hasa kwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Thamani ya maisha haya kwa mtafiti wa Kiswahili na historia iko mahali pengine. Yanaonyesha kwamba picha za kale za nchi yetu hazikujitokeza zenyewe. Zilipigwa na watu waliokuwa na ajira, wakubwa, soko na dhamiri, na kila kimoja kati ya vitu hivyo kiliamua nini kiingie katika kioo na nini kibaki nje.

Yapo mambo matatu yanayofaa kutiliwa mkazo. Kwanza, picha za enzi ya Wajerumani zinapaswa kusomwa pamoja na masimulizi ya wenyeji kama yale yaliyokusanywa na Gwassa, maana bamba la kioo halina sauti na mzee wa Rufiji hana bamba. Pili, maelezo yaliyoandikwa chini ya picha hizo yanahitaji kuandikwa upya kwa Kiswahili, na penye uwezekano majina ya mahali, mazao, vyombo na madungu yatajwe kama wenyewe wanavyoyataja. Tatu, kazi hiyo haiwezi kungoja sana. Warufiji na Wandengereko wanaojua majina ya mikono ya delta, ya aina za mpunga na ya misimu ya maji wanazidi kupungua, na bwawa lililojengwa juu ya mto limekwisha kuanza kubadili mwendo wa mafuriko yenyewe. Picha ya mto inaweza kuhifadhiwa Ulaya kwa miaka mia nyingine. Maneno ya kuielezea yamehifadhiwa Utete, Mohoro, Nyamisati na Kibiti, vinywani mwa watu.